Fiancé, fiancée, na ahadi ambayo bado si ndoa

Wengi wanaoandika Kiingereza hukwama kwenye herufi moja. Fiancé, yenye e moja mwishoni, ni mchumba wa kiume. Fiancée, yenye e mbili, ni wa kike. Maneno haya yametoka Kifaransa na yanatamkwa sawasawa, kwa hiyo sikio halisaidii. Ukimwita dada yako fiancé umemgeuza mwanamume. Kosa lisahihishwe, basi, tuendelee.

Linaloniuma hasa ni kuchanganya engaged na married, kana kwamba pete ikishavaliwa mambo yamekwisha. Engaged na betrothed yote mawili yanawataja watu walioahidiana kuoana. La pili ni la kizamani zaidi. Ndani yake limo troth, yaani uaminifu, na siku hizi hulikuti sana nje ya hadithi za kale na habari za ndoa zilizopangwa na wazazi. Wedding ni harusi, marriage ni ndoa yenyewe. Aliye engaged bado ana haki ya kusema hapana, na anayemwita mke kabla ya wakati anamnyima nafasi hiyo mbele za watu.

Waingereza wenyewe waliteseka na mpaka huu. Wedd, katika Kiingereza cha kale, lilimaanisha rehani au ahadi. Neno la harusi lilianzia kwenye ahadi. Halafu sheria ya Kanisa, kwa karne nyingi, iliipima ndoa kwa wakati wa kitenzi. Mtu akisema "nakutwaa uwe mke wangu", na mwenzake akajibu vivyo hivyo, walikuwa wameoana papo hapo, hata bila kasisi. Wakisema "nitakutwaa", huo ulikuwa uchumba tu, ila wakilala pamoja baadaye ukahesabiwa ndoa. Fikiria mwanamke anayesimama mahakamani, heshima yake yote ikining'inia kwenye kiambishi cha wakati!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1753 ilikomesha hayo England na Wales. Hata hivyo mchumba aliyeachwa aliendelea kuweza kudai fidia kwa ahadi iliyovunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipofuta madai hayo. Kuhusu pete, sheria hiyo inaichukulia kuwa zawadi kamili: aliyevishwa hubaki nayo, isipokuwa ithibitike ilitolewa kwa sharti la kurudishwa ndoa isipofungwa.