Kinyonga wa Rubeho na gharama ya kupewa jina

Ukitoka Dodoma kwenda Mpwapwa unapita mibuyu, migunga na vumbi jingi. Huwezi kudhani kwamba juu ya Milima ya Rubeho kuna misitu ya ukungu, na ndani yake kinyonga mdogo wa kahawia anayefanana kabisa na jani kavu. Mwaka 2022 wanasayansi walimpa jina, Rhampholeon rubeho, pamoja na wenzake watano wa milima mingine ya Tanzania.

Wapo wanaohoji: amegunduliwa vipi na alikuwepo siku zote? Swali ni la haki. Wanasayansi wenyewe walishawajua vinyonga wa aina hii, ila waliwahesabu pamoja na wale wa milima ya Uluguru na Udzungwa. Kipya ni kulinganisha vinasaba na maumbile, hadi ikaonekana wa Rubeho ni spishi ya peke yake.

Kwangu mimi uzito wote uko hapo. Kiumbe huyu havuki nyika kavu kuhamia mlima wa pili. Alipokuwa hana jina, msitu wa Rubeho ungeweza kufyekwa wote na vitabu vikaendelea kusema yupo salama, kwa kuwa wa Uluguru wapo. Sasa akitoweka Rubeho, ametoweka duniani. Mkulima anayesafisha shamba pembeni mwa msitu, na ofisa anayesaini kibali, wote wawili wana jambo la kujibu ambalo zamani halikuwepo.

Lakini jina lina upande wake wa hatari. Kuelezea spishi kunahitaji vielelezo, yaani vinyonga kadhaa wauawe na kuhifadhiwa makumbusho. Hilo nalikubali, ni wachache, na shoka linaua zaidi. Kinachonitia hofu ni biashara. Vinyonga wetu wamesafirishwa miaka mingi kwa wafugaji wa ng'ambo, hadi serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Spishi mpya, adimu, inayopatikana mlima mmoja tu, ndiyo hasa anayoitafuta mnunuzi. Ukichapisha na vipimo vya GPS, umemchorea ramani.

Ndiyo maana nasema jina litolewe, mlima utajwe, ila mahali penyewe pabaki kwa makumbusho na wasimamizi wa msitu. Mtafiti wa kweli ataomba na atapewa.

Na kuhusu jina lenyewe: kati ya wale sita, watano wamepewa majina ya watu; wa Rubeho peke yake anabeba jina la kwao. Nafurahi sana kwa hilo. Mtoto wa Mpwapwa akilisoma ataelewa papo hapo kwamba linahusu mlima anaouona kila asubuhi. Tatizo ni kwamba taarifa yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu, na kamati za mazingira za vijiji vya chini ya mlima zinahitaji kurasa mbili tu za Kiswahili, zenye picha yake.