Bendi Iliyoahidi Budokan Ikabaki na Chai

Azusa anaingia chumba cha klabu na kuwakuta dada zake wanne wa shule, wa mwaka wa mwisho, wakipiga roki nzito ambayo hajawahi kuisikia kwao. Mara wanaanza kugombana: eti hawapatani tena kuhusu mwelekeo wa muziki. Binti wa watu kaduwaa, hajui aamue ugomvi au alie. Baadaye ndipo anagundua kwamba muziki ule ulikuwa kanda ya zamani ya bendi ya mwalimu wao, na ugomvi wenyewe maigizo matupu.

Ndivyo inavyoanza filamu ya katuni ya K-On!, iliyoingia kumbi za sinema Japani Desemba 2011. Yeyote aliyewahi kutazama filamu ya bendi anaujua ugomvi ule. Kwa kawaida hukaa katikati ya hadithi, mmoja akaondoka kwa hasira, halafu wakarudiana usiku wa onyesho kubwa. Hapa umewekwa mwanzoni, umechekwa, umetupwa. Kuanzia hapo hakuna atakayetoka kwenye bendi, hakuna shindano la kushinda, wala hakuna kampuni ya kurekodi inayobisha hodi.

Na hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika hadi leo.

Wanaoilaumu wana hoja, tena si ndogo. Katika mfululizo wa televisheni wa 2009 na 2010 uliotangulia filamu hii, wasichana hawa walitangaza kwa vinywa vyao kwamba lengo lao ni Budokan. Ukumbi huo wa Tokyo ulijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, na tangu Beatles walipopiga pale 1966 umekuwa kama kilele cha mlima kwa kila mwanamuziki wa roki wa Kijapani. Sasa walioahidi kuupanda wanashinda mezani wakinywa chai na kula keki anazoleta Mugi, mpiga kinanda. Bendi yenyewe inaitwa Hōkago Tea Time, yaani muda wa chai baada ya masomo. Binamu yangu anapiga kinanda kanisani, na nilipomwekea filamu hii alivumilia nusu saa hivi, kisha akauliza swali moja tu: "Hawa wanafanya mazoezi saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Linganisha na filamu mbili za 2021 kuhusu Roselia, bendi nyingine ya wasichana, kutoka kundi la hadithi za BanG Dream!. Kule mwimbaji, Yukina, analitaka jukwaa la tamasha kubwa kwa sababu ya baba yake, mwanamuziki ambaye bendi yake ilivunjika akaacha muziki. Wanaotaka kujiunga naye hupimwa kwanza. Hakuna keki. Mtazamaji anajua kila noti ni hatua ya kulikaribia jukwaa lile, na anaposhangilia anajua anashangilia nini. Hamu ya namna hiyo ina uzito ambao K-On! haiugusi kabisa. Lakini ina gharama pia. Waigizaji wa sauti wa Roselia hupiga ala wenyewe mbele ya umati, na mwaka 2018 aliyekuwa kwenye kinanda alilazimika kujiondoa kwa tatizo la kusikia.

Turudi kwa wanywa chai. Wanaowatetea husema filamu haina haja ya lengo, urafiki unatosha. Utetezi huo ni mbovu kuliko hata shutuma, kwa sababu haukutazama kilichomo. Lengo lipo, ila limehamishwa. Wanne wanahitimu na Azusa, aliye nyuma yao mwaka mmoja, atabaki peke yake. Wanataka kumwachia wimbo, naye asijue mpaka siku yenyewe. Basi.

Safari ya London, ambayo ndiyo sehemu inayokumbukwa zaidi, imejengwa juu ya siri hiyo. Mahali pa kwenda palichaguliwa na kobe wao wa majini, na aliyepanga ratiba ni Azusa mwenyewe, yule yule aliyekuwa akilalamikia uvivu wao tangu alipojiunga. Anafika Uingereza na viatu vipya vinavyomchubua, ikabidi waende Camden kutafuta vingine. Mio, mpiga besi, anashikwa na woga wa kila kinachozunguka: mkanda wa mizigo uwanja wa ndege, sahani za sushi zinazopita mbele ya wateja, na lile gurudumu kubwa la kando ya mto Thames. Kwenye mgahawa wa sushi wanadhaniwa kuwa bendi iliyokodishwa, wanatumbuiza. Hawakufukuza jukwaa, jukwaa liliwakuta njiani.

Kisha wanapiga kwenye tamasha la hadharani. Mbele ya wageni wasiowajua, Yui, mwimbaji na mpiga gitaa, anaimba wimbo ambao jina lake, ukiliweka kwa Kiswahili chetu, ni "Wali ni Mboga", na katikati anabuni mistari ya Kiingereza papo kwa papo. Nilicheka peke yangu sebuleni. Ni wimbo wa kipuuzi na ndiyo maana unafaa. Bendi inayosaka kilele isingethubutu kuwapigia wageni wimbo wa wali kuliwa kama kitoweo.

Waliporudi Japani ndipo kazi inaonekana. Wanaandika, wanafuta, wanabishana maneno yapi yambebe Azusa bila kumtaja. Wanakimbia huku na huko juu ya paa la shule mpaka Yui anapata fikra ya mabawa madogo. Kabla ya mahafali wanawapigia wanafunzi wenzao darasani, madawati yamesukumwa pembeni. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na sioni onyesho lolote la filamu hii, London ikiwemo, linalolizidi hilo la darasani kwa joto.

Kwa hiyo kuhusu lengo mimi nipo upande wa watetezi, ingawa si kwa sababu yao. Kumwimbia mtu mmoja anayekujua, tena mwenye sikio zuri kuliko lako, ni mtihani mgumu kuliko kuimbia elfu kumi wanaokupenda tayari. Na mwongozaji Naoko Yamada, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, alijitwisha mzigo wa ziada. Wimbo ule mashabiki walishausikia kwenye televisheni mwaka mmoja kabla. Kila aliyekata tiketi alijua utamalizika na utaimbwa. Kilichobaki cha kuonyesha ni namna ulivyozaliwa, na amefanikiwa, mara nyingi kwa kutuonyesha miguu ya wasichana hawa badala ya nyuso. Miguu haijui kuigiza furaha.

Ninapowapa wakosoaji haki yao ni penginepo, ambapo wao wenyewe hawapagusi sana: pesa. Kumbuka gitaa la Yui. Kwenye mfululizo wa televisheni lilikuwa na bei ya yeni 250,000 dukani. Wasichana walikwenda kufanya kibarua cha kuhesabu magari barabarani ili wamchangie, na hazikutosha. Ndipo Mugi akazungumza na muuzaji, bei ikashuka hadi 50,000, kwa kuwa duka lile lilikuwa mali ya familia yake. Tangu siku hiyo kila mlima katika hadithi hii una Mugi wa kuusawazisha. Chai ni yake, keki ni zake. Kwenye filamu tabia hiyo imeota mizizi kiasi kwamba safari ya Japani mpaka London ya wanafunzi watano haizai hata mjadala mmoja wa maana juu ya nauli. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha muziki anajua vikundi havivunjwi na "mwelekeo wa muziki". Huvunjwa na nani kalipia spika, nani hajatoa mchango, nani kauza gitaa kulipa kodi ya nyumba. Filamu ilikejeli ugomvi wa uongo, na ule wa kweli ikaukwepa. Uvivu wa wasichana ninausamehe, huo ukwepaji siusamehe.

Halafu kuna kichekesho cha nje ya hadithi. Wakati bendi ya kwenye katuni haifiki Budokan, albamu iliyotolewa kwa jina lake ilipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, mwaka 2009, na Februari 2011 waigizaji wa sauti za wasichana hao walisimama Saitama Super Arena, ukumbi mkubwa kuliko Budokan yenyewe. Kumbe chai iliuza. Yamada naye hakuliacha jambo hili. Mwaka 2024 alirudi na filamu nyingine ya vijana wanaounda bendi, Kimi no Iro, na hata mle hakuna mbio za umaarufu.

Swali la binamu yangu bado lipo, na nadhani Azusa alishalijibu kwenye televisheni. Dada zake wanamaliza kumpigia wimbo walioutolea jasho kwa siri, wanangoja atasema nini. Anawaambia, machozi hayajakauka, kwamba hawapigi vizuri sana. Kisha anaomba waendelee kupiga.