Mtoto Anayejiita Kilaza

Kuna watoto ambao hawahitaji mtu wa kuwagombeza, kazi hiyo wanaifanya wenyewe. Akikosa hesabu moja kati ya ishirini, anasugua raba mpaka karatasi inatoboka, kisha anasema, "Mimi kilaza tu." Mzazi hukimbilia kumkatalia: "Acha hizo, wewe una akili kuliko wote darasani!" Nia ni njema, lakini naamini jibu hilo linamwongezea mtoto mzigo.

Mwaka 2014, Eddie Brummelman na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uholanzi, ambapo watoto walinakili mchoro wa maua wa Vincent van Gogh. Baadhi waliambiwa wamechora vizuri, wengine wakaambiwa wamechora vizuri ajabu. Baadaye, watoto wasiojithamini waliomwagiwa sifa kubwa ndio waliopendelea kuchora vitu rahisi. Kwangu inaeleweka: ukishaitwa wa ajabu leo, kesho unaogopa kuonekana wa kawaida.

Mimi naona tuanze kwa kumsikiliza. "Imekuuma, eeh? Hebu nioneshe palipokushinda." Mkifungua daftari pamoja, mara nyingi mtakuta jambo lenyewe ni dogo: alisahau kukopa kwenye kutoa, au hakusoma swali hadi mwisho. Ukilaza hauna dawa, lakini kukopa kunafundishika jioni hiyohiyo. Ndiyo maana nasisitiza kosa lipewe jina lake halisi. Na akipata, msifie kwa alichokifanya kweli: "Ulirudia mpaka ikatoka, nimekuona."

Halafu kuna sisi wakubwa. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini majumbani mwetu orodha inaendelea kusomwa, tena mbele ya wageni. Ripoti ikifika, hata salamu haijaisha, tunauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Kisha, "Na mtoto wa jirani je?" Mtoto aliyelelewa kwa maswali hayo atajiuliza mwenyewe hata tusipokuwepo. Na anatusikia pia tunavyojitukana chakula kikiungua jikoni. Ningependa kuona wazazi wakianza na swali jingine kabisa: "Somo gani limekupa shida muhula huu, tulifanyeje?"

Yapo yanayozidi uwezo wa nyumbani. Akianza kukosa usingizi, kukataa shule, kujiumiza au kusema heri asingezaliwa, msiseme anadeka, wala msisubiri mitihani ipite. Mpelekeni hospitali aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa walio Tanzania, Simu ya Mtoto ni 116, haina malipo, na mzazi naye anaweza kuipiga.