Ujerumani Hukaribishwi Mara ya Pili

Jioni yangu ya pili Leipzig nililala njaa huku chakula kikiwa mezani. Nilikuwa nimehamia kwenye WG, yaani fleti inayopangwa na wanafunzi kadhaa, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote. Tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja alipika, akanigeukia akauliza kama nitakula. Nikajibu hapana, asante, nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu asubuhi, ila ndivyo nilivyolelewa: ukikaribishwa unajizuia kwanza, mwenyeji anasisitiza, ndipo unanawa mikono. Yeye akasema sawa, akapakua sahani tatu. Nilirudi chumbani nikiamini nimeingia kwenye nyumba ya wachoyo.

Muhula mzima ulipita kabla sijaelewa kwamba yule binti alikuwa ameniheshimu. Kwake, mtu mzima akisema hapana, amekwisha kusema. Kumsukuma baada ya hapo ni kumfanya mtoto asiyelijua tumbo lake.

Nimeanza na chakula kwa sababu ndicho kilichoniuma. Kilichonigharimu zaidi kilikuwa chuoni. Wahadhiri wa Ujerumani wana kitu kinachoitwa Sprechstunde, saa maalumu ya kuonana na wanafunzi, ambayo mara nyingi huwa moja tu kwa wiki na hutangazwa wazi. Somo la takwimu lilikuwa linanipita, nami nilikaa nikisubiri mwalimu aone ukimya wangu aniite. Nilikuwa nimezoea walimu wanaousoma uso wa mwanafunzi. Huyu hakuniita. Kwa mtazamo wake, saa ilitangazwa, mlango ulikuwa wazi, na asiyekuja hana swali. Matokeo yalipotoka nilikuta 5.0, nami nikafurahi kwa dakika moja nzima kwa kuiona namba kubwa. Kule 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 maana yake umeanguka.

Hapa naomba mdogo wangu unayejiandaa kwenda asome polepole. Mtihani wa lazima haurudiwi upendavyo. Idadi ya majaribio imeandikwa kwenye kanuni za programu yako, na kwenye programu nyingi ni matatu kwa jumla. Ukianguka jaribio la mwisho unaondolewa kwenye programu, na kwa kawaida huruhusiwi kuisoma tena kwenye chuo kingine cha nchi hiyo. Kwa mgeni jambo haliishii hapo, kwani kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye masomo hayo hayo. Ukimya unaoonekana nyumbani kama adabu unaweza kukurudisha nyumbani.

Nilikwenda kumwona mwalimu baada ya kuanguka. Akaipitia karatasi yangu mbele yangu, akaniambia misingi sina, nisome sura mbili upya, nirudi wiki ijayo na mazoezi niliyofanya. Hakupoza maneno hata kidogo. Nilitoka mle ofisini mikono ikitetemeka. Lakini wiki iliyofuata alinisubiri, akasahihisha kila mstari, na wiki ya tatu pia. Walimu wangu wa zamani walinisifia kwa upole nikiwa sijui kitu. Huyu aliniambia ukweli, kisha akakaa nami mpaka nikajua. Siku hizi najua yupi alinijali zaidi.

Mambo mengine yanazoeleka haraka. Ratiba ikiandika 10 c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo, na ikiandika s.t. kinaanza saa nne kamili. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Wakubwa wetu waliotutangulia hutusimulia haya, pamoja na theluji na majaketi, na nawashukuru. Kinachonisikitisha ni kwamba hawakutuambia lile la hapana, na ndilo linalovunja watu.

Pia siwaungi mkono wanaosema Wajerumani hawana salamu. Ingia chumba cha kusubiri cha daktari uone. Kila anayeingia huwasalimia wote waliokaa, wageni watupu, na akiondoka huaga. Mhadhara ukiisha, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na ndiyo shukrani yao kwa mwalimu. Kilichonishinda mwanzoni ni kwamba nilizitafuta salamu barabarani, mahali ambapo hazikai.

Hata hivyo, sikubaliani na kila kitu. Jamaa mmoja niliyemfahamu aliugua siku tano kwenye bweni, mlango umefungwa, na majirani wakapita kimya kimya kwa heshima ile ile. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani anataka utulivu. Mimi nasema heshima ya namna hiyo inakaribia sana kumtelekeza mtu, na sitaki kuizoea hata nikiishi kule miaka ishirini.

Ndiyo maana kwenye kikao cha nyumba, tulipokuwa tukigawana zamu za usafi, nililisema. Niliwaambia ninapotoka mlango uliofungwa siku mbili hugongwa, na kwamba nikisema hapana kuhusu chakula waniulize mara moja zaidi. Nilitarajia wacheke. Mmoja alichukua kalamu akayaandika yote mawili kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye friji, chini ya zamu ya kutoa taka, kwa mwandiko ule ule.

Februari nikashikwa na homa. Siku ya pili jioni mlango ukagongwa, na yule binti wa jioni ya pili akasimama na bakuli la supu. Nikasema hapana, asante. Akaniuliza tena.