Toba ya Baba Mdogo Ilivyovuka Mpaka

Kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, mwaka hauishi mpaka Babu aufunge. Desemba 31, kabla ya ibada ya mkesha kanisani, ukoo mzima hukaa sebuleni kwake: waliopanda basi Mbezi, Dar es Salaam, wakashuka miguu imevimba, waliokuja na magari ya kuazima wakisema ni yao, na wale wasiotoka nyumbani kamwe, ambao ndio wenye hasira na sisi sote. Tunasoma Zaburi ya 90, pale pa "utujulishe kuzihesabu siku zetu", halafu kila mmoja anautafakari mwaka wake: ashukuru, atubu kama ana la kutubu, akae.

Babu ndiye huanza. Shida ni kwamba ukimwambia autafakari mwaka uliopita, yeye anaanzia 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Machame. Kuufikia mwaka wenyewe unaoulizwa, watoto wamelala na chai imepoa.

Mwaka jana kulikuwa na jambo la ziada. Kesho yake Babu na Bibi walikuwa wanaadhimisha miaka 50 ya ndoa. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni mteremko mtupu. Ukimpa mgeni kiti cha plastiki anateleza nacho mpaka kwenye migomba. Kwa hiyo maturubai yalifungwa kwa mzee jirani, ambaye Mungu alimjalia uwanja ulionyooka. Huko ndiko walikokuwa wamama wakimenya ndizi mshare, vijana na mbuzi wao, pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, na spika mbili zenye kimo cha mtu. Fundi mitambo alisema "moja mbili, moja mbili" mpaka mbwa wakachoka kubweka, akamkabidhi mpwa wangu maiki isiyo na waya akafanyie mazoezi ya risala, kisha akaenda kuikagua mbege.

Mpwa wangu alifanya mazoezi mbele ya kioo cha sebuleni, akachoka, akaiacha maiki mezani pembeni ya Biblia. Bibi, ambaye hapendi kitu kizuri kipate vumbi, akaifunika kitambaa cha kufuma.

Sasa, kwetu hatutubu kwa kunong'ona. Masikio ya Babu yamekwenda, na asiposikia anadai urudie. Mvua nayo ilikuwa inapiga bati. Tukawa tunatubu kwa kelele.

Alifungua Shangazi. Shangazi hatubu dhambi zake. Hutubu za wengine, tena kwa njia ya maombi, ili usipate nafasi ya kumjibu. "Baba wa mbinguni, unamjua aliyekopa kwangu laki tatu akasema ni ada ya mtoto. Unajua pia kwamba mtoto alirudishwa nyumbani. Na ile simu mpya, Baba, unajua ilinunuliwa lini." Shemeji yangu akaizamisha simu mfukoni polepole. Mama akafuata. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye mikono miwili, akaomba mwaka ujao mkwe huyo aanze kuitumia. Mke wangu akaitikia "Amina" kwa sauti ambayo naishi nayo hadi leo.

Kila tulipomaliza, baada ya amina yetu ilisikika amina nyingine, kubwa zaidi, kutoka nje. Baba akasema ni mwangwi wa korongo. Shangazi akakataa: ni majirani, nao wako ibadani, Bwana ameshuka Machame usiku huu. Akatokwa na machozi.

Machozi hayo ndiyo yaliyommaliza Baba Mdogo. Si mtu wa kutubu yule. Kila mwaka husema "namshukuru Mungu kwa uzima" na kukaa kabla hajasimama vizuri. Safari hii Roho alimgusa, au ni mbege, sitaki kuhukumu. Alisimama, akaegemea meza kwa mikono miwili, mdomo ukawa juu kabisa ya kile kitambaa, akasema kwamba mwezi wa nne, usiku wa mvua, aliyang'oa masale ya mpakani akayasogeza hatua mbili kwa mzee jirani.

Kwa asiye wa kwetu: masale ni mimea; ndiyo uzio wetu na ndiyo hati yetu ya kiwanja. Kuyahamisha ni afadhali ung'oe mtu jino.

"Na alipolalamika," akaendelea, sasa analia, "nikamwambia ni uzee, haoni vizuri!"

Nje hapakusikika amina.

Mvua ilikuwa imekatika bila sisi kujua. Katika ule ukimya tukasikia, ng'ambo ya migomba, Baba Mdogo akipenga kamasi kwa sauti nzito sana.

Mpwa wangu ndiye aliyenyanyua kitambaa. Kulikuwa na taa ndogo ya kijani. "Inawaka," akasema, na kule kwenye maturubai wamama wakalipuka kwa kicheko.

Hodi ilikuja upesi. Mzee jirani aliingia amelowa, amekunja uso, amekumbatia furushi la masale yenye mizizi na udongo wake.

"Bwana asifiwe. Nimesikia mnatubu."

"Umesikia wapi?" Baba Mdogo akauliza.

"Kwangu. Kwenye spika." Akayainua masale. "Nimeyang'oa pale pale ulipoyapanda. Kumbukumbu la Torati 27, mstari wa 17: 'Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake.'"

"Na watu wote waseme, Amina," akamalizia Shangazi, ambaye mstari ukishaanza hawezi kujizuia.

Hapo Babu akasimama. Hakuwa amesikia neno hata moja. Alichokiona ni jirani mlangoni, ameshika masale. Na kwa Mchagga, mtu akikujia na isale mkononi anaomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa. Babu akamwendea, akayapokea yote, akamkumbatia pamoja na udongo.

"Nimekusamehe, mwanangu! Sijui ulichonikosea, wala sitaki kujua. Yamekwisha!"

"Meku, mimi ndiye niliye..."

"Usiseme! Yamekwisha!"

Na kwa kuwa maiki ilikuwa bado inawaka, kitongoji kizima kikasikia mzee jirani akisamehewa. Vigelegele vikapigwa.

Ilibidi Bibi amwandikie Babu kisa chote nyuma ya bahasha ya sadaka. Babu akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Kisha akayabeba masale, akamtwika Baba Mdogo, akamwonyesha mlango.

Mkesha tulichelewa. Baba Mdogo aliyapanda usiku ule ule, vijana wakimmulikia kwa tochi za simu, mzee jirani akipima kwa hatua zake mwenyewe. Ana miguu mirefu mzee yule. Hatua mbili zilizoibwa zilirudi zikiwa tatu na nusu, na Baba Mdogo alipofungua mdomo kulalamika, jirani akamwelekezea kidole kwenye spika.