Eti Mimi ni Mtu wa Gofu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hata sijajua kama maji ya mfereji yamekuja, keyateka, mtunza nyumba wetu, katuma picha yangu kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Nimesimama kwenye nyasi za kijani kibichi, kofia kichwani, mikono nyuma, kidevu juu, mpira mdogo mweupe miguuni. Chini ya picha kaandika: "Na huyu ndiye alisema tumvumilie kodi hadi tarehe 15."

Watu thelathini na wawili wameshaiona. Mama Shiro wa nambari nane kaweka emoji sita za kucheka. Mpangaji mpya wa orofa ya tano, ambaye hata salamu hatujawahi kupeana, kaniuliza faraghani kama naweza kumsemea kazi huko.

Jamani. Mtu akichafuliwa jina hukana. Mimi jina langu limesafishwa kuliko ninavyoweza kumudu, sasa nikane nini?

Tikiti ya kutazama Kenya Open, mashindano ya gofu, ilikuwa ya binamu yangu, ambaye wiki ile alikuwa anakaanga viazi kwenye hema la wageni. Alipewa mbili. Mkewe akakataa kata kata kupoteza Jumapili akitazama watu wazima wakitembea, ndipo nikakumbukwa mimi. Nikavaa shati la harusi yangu, nikapanda matatu mbili na bodaboda moja. Ya matatu mnayajua. Wa boda alinishusha langoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mkubwa, wa bustani wanaingilia kule nyuma."

Kilabu chenyewe sikitaji jina. Ua wake pekee ni mrefu kuliko mtaa wangu. Na nyasi zake! Kwetu Pipeline nyasi za mwisho kuziona zilikuwa mdomoni mwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa njiani kwenda bucha. Hapa zimekatwa, zimechanwa, zimenyweshwa maji zikashiba mpaka kiatu kinalowa. Sisi maji huja Jumanne na Ijumaa usiku, ukipitiwa na usingizi basi utaoga kwa imani.

Mzee mmoja wa sweta ya bluu, kedi wa zamani, yaani mbeba magongo ya wachezaji, aliona navyotazama huku na huku akanihurumia. Akanipa darasa bila kuombwa. Kenya Open ilianza mwaka wa 1967, akasema, na kijana mmoja wa Uhispania, Seve Ballesteros, aliibeba mwaka wa 1978, kisha mwaka uliofuata akaenda kubeba Open ya Uingereza. Ian Woosnam naye akashinda hapa mwaka wa 1986, na mwaka wa 1991 akavishwa koti la kijani la mshindi wa Masters kule Marekani. Mzee alivyowataja, ungedhani wanamdai harambee. Akaniambia pia kwamba Nairobi mpira huruka mbali kwa sababu tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hewa hiyo hiyo, nikipanda ngazi hadi orofa ya sita na mtungi wa gesi begani, mbona hainirushi?

Ukimaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya yale yaliyopangiwa shimo hilo, wanaita ndege. Mawili, tai. Matatu, albatrosi. Nikamuuliza mzee kama ndovu naye yumo. Hakucheka. Kila mchezaji anaruhusiwa magongo 14, na ana mtu wa kumbebea, ili aingize mpira usiofika gramu 46 kwenye shimo la milimita 108. Mke wangu hupika ugali, githeri na uji wa mtoto kwa mwiko mmoja.

Jua lilipokaza nikamwacha mzee, nikaenda kusimama kivulini chini ya mti, nyuma ya kamba kama watu wote. Kosa langu liko wapi hapo? Mara nasikia kelele mbali, "Foooo!", kumbe ndilo onyo lao kwamba mpira unakuja. Kwetu watu wakipiga kelele unatazama kwanza mwizi amekimbilia upande gani, kwa hivyo nikasimama wima nitazame. Kitu kikagonga tawi juu yangu, tap, kikaanguka, kikadunda mara mbili, kikabingirika polepole kama mtoto anayejua amekosea, kikaja kuegemea kiatu changu cha kulia. Pale pale mbele, ambapo soli imeanza kufungua mdomo.

"Usisonge!"

Ni kijana wa fulana ya manjano, mmoja wa wale waliojitolea, miaka kumi na tisa hivi, mkononi ana kibao cha kunyamazisha watu.

"Mzee wangu, usisonge kabisa! Mpira uko mguuni!"

"Nauona, kijana wangu. Nisisonge mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe afike."

Nikatazama huyo mwenyewe. Alikuwa mbali, umbali kama wa kutoka stejini hadi kwangu, anakuja kwa miguu na hana haraka. Anakunywa maji. Anamenya ndizi. Anasimama kuongea na kedi wake, wanatazama daftari, wanaendelea. Watu wakaanza kukusanyika, simu juu. Nikaona basi, heshima imenijia bila kuitafuta, niipokee. Nikaweka mikono nyuma, nikainua kidevu. Sanamu ya Kimathi pale tao ingeniambia nipumzike kidogo.

Ndipo nikahisi kitu kwenye kifundo cha mguu.

Wa kwanza nilidhani ni nyasi. Wa pili alijitambulisha. Nikashusha macho bila kushusha kichwa, nikaona mstari mweusi unatoka kwenye shina la mti, unapita chini ya kamba, unapanda soksi yangu kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona kwenye foleni yoyote ya nchi hii. Siafu.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Kijana. Siafu."

Akaniinulia kibao.

"Kijana, nasema siafu."

Akakitikisa kile kibao usoni pangu, maana mchezaji mwingine, hata si huyu wangu, alikuwa anataka kupiga kwenye shimo la jirani. Watu mia mbili wakanyamaza kimya. Hakuna hata aliyekohoa. Na mimi nimo katikati ya huo utulivu, siafu wamefika gotini, wamepiga kambi, wamechagua viongozi, sasa wanajadili kuendelea. Wakaendelea. Mahali walipofika sitapataja, humu kuna watoto. Nilichofanya ni kuinua kidevu zaidi na kutazama mawingu, na hapo ndipo hiyo picha ilipopigwa. Huo mnaouita uso wa mtu mwenye pesa ni uso wa mtu anayeng'atwa.

Mwenye mpira, Mzungu, akafika. Akautazama mpira, akakitazama kiatu, nadhani alikitazama kiatu zaidi. Akamwita refa. Refa naye akaja na kigari chake taratibu, akashuka, akaweka miwani.

"Huyu kwa nini bado amesimama hapa?"

"Mpira umemwegemea," akasema kijana.

"Si angeondoka tu? Mpira ukisogea tunaurudisha palipokuwa. Hakuna adhabu."

Angeondoka tu!

Nirudie? Angeondoka tu! Dakika kumi na moja nimeliwa nikiwa hai, nimebana pumzi, nimesoma Zaburi yote ninayoijua, na kumbe sheria imeniruhusu kuondoka tangu mwanzo! Na kinachoniuma si siafu. Ni kwamba sikuuliza. Mtoto niliyemzidi umri mara mbili kaniambia simama, nikasimama, kwa sababu ana fulana ya manjano. Mlinzi wa benki akisema panga laini, napanga. Makanga akisema sogea, kiti ni cha watu watano, nasogea, na kiti nakiona kwa macho yangu ni cha watatu. Siku moja mtu atanivalia fulana ya manjano aniambie nipande mti, nitauliza tawi lipi.

Nilivyokimbia kuelekea choo cha wageni, mzee wa sweta ya bluu akanipigia makofi. Ya huko chooni ni kati yangu na siafu. Niliporudi, kedi wa yule Mzungu alikuwa ameniachia mpira mwingine, umetiwa sahihi kwa kalamu nyeusi. Sahihi yenyewe haisomeki, kama ya daktari.

Nikauweka juu ya televisheni. Ulikaa siku mbili. Jana jioni mwanangu Brayo akautoa akaupiga kwa mwiko, ule ule mmoja, ukaruka balkoni, ukatua kwenye mabati ya kibanda cha mama mboga. Mzee alinifundisha kwamba mpira ukitafutwa dakika tatu usipoonekana, umepotea. Huu haukupotea. Mama mboga anao, na anasema atautoa nikilipa ile 340 ya sukuma na nyanya. Tena tangu aone hiyo picha, nyanya zangu mimi zimepanda bei.

Na sasa keyateka anabisha mlangoni. Nilidhani ni kodi. Kumbe mwenye nyumba anapenda gofu, na anauliza, kwa adabu ambayo haijawahi kufika orofa hii, kama Baba Brayo anaweza kumtafutia tikiti ya mwakani.

Mwambieni arudi jioni. Nasikia mfereji unakoroma, acha nikimbilie ndoo.