Orodha ya nyumba isikae kwenye droo ya diwani

Mwezi Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, Ireland ya Kaskazini, mbunge mmoja aliingia kwenye nyumba isiyo yake akajifungia ndani. Mbunge huyo ni Austin Currie. Nyumba ilikuwa ya halmashauri ya wilaya ya Dungannon, na halmashauri ilikuwa imempa msichana wa miaka 19, hajaolewa, hana mtoto, karani kwenye ofisi ya wakili aliyekuwa karibu na chama tawala, kilichotegemea Waprotestanti. Kwenye nyumba jirani, siku chache tu kabla ya hapo, familia ya Kikatoliki yenye watoto wadogo ilikuwa imetolewa kwa nguvu. Polisi walimtoa Currie baada ya saa chache. Tarehe 24 Agosti mwaka huohuo watu walitembea kutoka Coalisland hadi Dungannon, na yakawa maandamano ya kwanza ya kudai haki za kiraia huko.

Kwa nini nyumba moja ya kijijini izue yote hayo? Kwa sababu wakati ule, katika uchaguzi wa serikali za mitaa huko, kura alikuwa nayo mwenye nyumba au mpangaji anayetambulika, pamoja na mwenzi wake. Kijana mtu mzima anayeishi kwa wazazi hakuwa nayo, wala aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine. Ukimpa mtu nyumba ya halmashauri umempa na kura. Na diwani wa kata ndiye aliyekuwa akiamua nyumba za kata yake ziende kwa nani. Hapo huhitaji kuwa mtu mbaya sana ili uharibu, inatosha kuwa mwanasiasa.

Mwaka 1971 madiwani wa Ireland ya Kaskazini wakanyang'anywa kazi hiyo, ikakabidhiwa chombo kimoja, Northern Ireland Housing Executive, chenye utaratibu mmoja wa pointi kwa kila mwombaji. Walioupenda uamuzi huo walisema haki imepatikana, walioukataa walisema serikali za mitaa zimekatwa mkono. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli.

Ninaianza mbali hivi kwa sababu mjadala wa nyumba za umma huwa unahusu zaidi ujenzi: zijengwe ngapi, nani alipe, ghorofa au nyumba za chini. Sawa, bila nyumba hakuna cha kugawa. Lakini nyumba ikishajengwa, mtu anaketi mahali na karatasi, na kwenye karatasi hiyo kuna majina mengi kuliko funguo. Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Naamini ndiyo siasa kubwa kuliko zote zinazofanyika kwenye ofisi ya halmashauri, na mara nyingi ndiyo isiyoonekana.

Njia za kugawa si nyingi. Kuna foleni ya kawaida, aliyetangulia atangulie. Kuna pointi, kila shida na alama zake. Kuna madaraja, ambayo kimsingi ni pointi zilizorahisishwa. Kuna kura ya bahati nasibu. Na kuna ile ya kutangaza nyumba watu waombe wenyewe, iliyoanzia mji wa Delft, Uholanzi, mwaka 1990.

Foleni ya kawaida inaonekana ya haki mpaka uitazame vizuri. Anayeshinda ni aliyejua mapema kwamba kuna foleni, na aliyeweza kukaa mahali pamoja miaka yote akiisubiri. Mtu aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga mara 3 ndani ya miaka 5, akahama mji kufuata kazi, kila mara anaanza mwisho. Yaani mwenye shida zaidi ndiye anayerudishwa nyuma, na shida yenyewe ndiyo inayomrudisha.

Pointi zilikuja kutibu hilo, na kwa jumla mimi ni mtu wa pointi. Ila zina ugonjwa wake, na wanaozisimamia wanaujua. Ukitoa alama kwa msongamano, mama mwenye watoto 4 kwenye chumba kimoja ana alama nyingi. Akijitahidi, akapata vyumba viwili vya gharama asiyoiweza kwa muda mrefu, alama zinashuka. Utaratibu unamwambia: kaa hapohapo pabaya, usijaribu. Sheria za Uingereza zimekwenda mbali zaidi, zina hata kipengele cha mtu kujikosesha makazi kwa makusudi. Mtu anayeacha nyumba aliyoweza kuendelea kuishi anaweza kuambiwa ameyataka mwenyewe. Karani wa dirishani anageuka kuwa hakimu wa maisha ya watu, anapima nani aliteseka kwa uaminifu na nani aliteseka kwa ujanja.

Tena hiyo ni hatua ya mbele ukilinganisha na zamani. Kwa miongo mingi halmashauri za Uingereza zilituma wakaguzi majumbani mwa waombaji. Waliingia, wakatazama jiko, wakatazama matandiko, wakaandika kama mama wa nyumba ni msafi. Glasgow ilikuwa na miradi ya nyumba ya ngazi mbalimbali, na familia iliyoonekana ya hali ya chini ilielekezwa kwenye ile duni. Mwaka 1969 kamati ya Cullingworth ilizikemea tabia hizo za kuwapima watu maadili badala ya mahitaji. Haikutosha. Mwaka 1984 uchunguzi rasmi wa tume ya usawa wa rangi ulionyesha kwamba katika halmashauri ya Hackney, London, waombaji weusi walipewa nyumba mbovu zaidi kuliko weupe wenye hali ileile. Sheria haikuwa na neno lolote kuhusu rangi. Ubaguzi ulipita katikati ya uamuzi mmojammoja mdogo wa afisa, usioandikwa, usioulizwa. Vimemo havihitaji hata kuandikwa pale ambapo maafisa wote wanajua nani hupelekwa wapi.

Njia ya Delft ilikuja na jibu zuri kwa hilo. Halmashauri isikuchagulie, itangaze nyumba zilizo wazi, wewe uombe unayoitaka, na mwenye sifa kuliko wenzake aipate. Kuanzia miaka ya 2000 halmashauri nyingi za England ziliifuata. Ninaipenda kwa sababu inamrudishia mwombaji heshima kidogo, anachagua. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Asiye na intaneti, asiyesoma lugha ya matangazo, mgonjwa wa akili asiyeweza kuingia kwenye tovuti kila wiki, hao hawakatazwi na mtu, hawaonekani tu. Halmashauri inayofuata njia hii bila kuajiri watu wa kuwasaidia waombaji wa namna hiyo imeamua kuwaacha, hata kama haijaandika hivyo popote.

Kinachonikera kuliko vyote ni ujanja wa kuifupisha foleni kwa kalamu. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria iliyoziruhusu halmashauri za England kuamua zenyewe nani anastahili hata kuingia kwenye orodha. Nyingi zikaweka masharti: uwe umeishi hapa miaka kadhaa, usiwe na deni la kodi ya nyumba, usiwe na akiba inayozidi kiasi fulani. Orodha ya England ilikuwa na kaya takriban milioni 1.85 mwaka 2012. Kufikia 2017 zilibaki takriban milioni 1.16. Laki kadhaa za kaya hazikupata nyumba katika miaka hiyo, zilipoteza tu nafasi ya kuhesabiwa. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mwenye haki ya kuwa na hasira hapo si aliyeondolewa peke yake, ni pia mlipa kodi anayeonyeshwa takwimu inayoshuka akadhani mambo yanakwenda vizuri.

Sharti la ukaazi lenyewe silipingi moja kwa moja. Halmashauri inakusanya kodi ya wakazi wake, na mkazi ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni wa jana amemtangulia. Vienna, mji unaosifiwa kuliko yote katika jambo hili, nao unadai uwe umeishi mjini miaka 2. Miaka 2 naielewa. Ikifika miaka 5 au 10, kwa watu ambao shida ya nyumba ndiyo inayowahamisha, unakuwa umejenga ukuta ukauita kipimo.

Vienna inastahili nisimame kidogo. Mwaka 1923 mji uliweka kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, ikiwabana zaidi wenye majumba ya kifahari, na kufikia 1934 ulikuwa umejenga zaidi ya nyumba 60,000. Moja ya majengo hayo, Karl-Marx-Hof, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1. Leo mji una nyumba takriban 220,000 zilizo mali yake, na ukijumlisha zile za vyama visivyo vya faida, karibu nusu ya wakazi wanaishi humo. Kiwango cha kipato cha kuruhusiwa kuomba ni cha juu mno, mwalimu anaingia, dereva anaingia, mhasibu anaingia. Na kipato hupimwa siku ya kuingia tu. Ukipandishwa cheo baadaye hakuna anayekuja kukugongea mlango.

Watu wengi wakiambiwa hivyo hushtuka. Nyumba ya umma inamsaidia mhasibu? Nami nilishtuka. Lakini tazama upande wa pili. Marekani iliweka vikomo vikali vya kipato katika nyumba zake za umma, na aliyeanza kupata nafuu alitakiwa kuondoka. Wakabaki maskini tu, huku matengenezo yakitegemea kodi ya pango wanayolipa. Mradi wa Pruitt-Igoe huko St. Louis ulianza kupokea wapangaji mwaka 1954, na mwaka 1972 serikali ikaanza kuubomoa kwa baruti. Sababu zake zilikuwa nyingi, na ni kosa kuutupia mzigo wote mchoro wa jengo, kama wanavyopenda kufanya wasanifu. Hesabu ya matengenezo ilikuwa haifungi, na waliokuwa humo hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza.

Haya, na mama aliyelala leo kwenye hosteli na watoto? Akikuta mhasibu kamtangulia nitamwambia nini? Sina la kumwambia. Mahali penye nyumba chache, mhitaji zaidi atangulie, hapo sina ubishi. Nachokataa ni kuigeuza dharura kuwa sheria ya milele, ikawa kila kizazi kipya cha madiwani kinaona nyumba ya umma ni wodi ya wagonjwa, si makazi ya watu.

Nakiri pia kwamba upana wa kupokea watu wa kila kipato peke yake si kinga. Kuelekea mwaka 1980 karibu theluthi moja ya kaya za Uingereza ziliishi katika nyumba za halmashauri, watu wa kila namna, na bado mwaka huo ikaja sheria iliyowapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo. England peke yake karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa tangu hapo. Wanunuzi hawakuwa maadui waliotoka nje, walikuwa wapangaji wenyewe, na siwalaumu hata kidogo. Mtu anayeuziwa nyumba kwa nusu bei akikataa, huyo ndiye wa kushangaza. Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales mwaka 2019. Tofauti ya Vienna ni kwamba haikuuza, basi. Hakuna siri nyingine.

Ufaransa iliona tatizo kwa upande mwingine kabisa: halmashauri zisizotaka kuwa na foleni yoyote. Sheria ya mwaka 2000 inazitaka manispaa za mijini ziwe na sehemu maalumu ya nyumba za kodi nafuu, kwanza asilimia 20, baadaye 25 kwa nyingi, la sivyo zinatozwa faini. Manispaa tajiri kama Neuilly-sur-Seine imebaki chini sana ya kiwango hicho miaka yote, ikilipa. Faini ambayo tajiri anaimudu ni ada ya kiingilio tu.

Sasa, ningeambiwa nichague jambo moja la kulazimisha kila halmashauri, nisingechagua pointi dhidi ya foleni, wala Vienna dhidi ya Delft. Ningechagua hili: kila nyumba inayogawiwa, matokeo yatundikwe hadharani. Bila majina, kwa sababu umaskini wa mtu si tangazo. Yaandikwe tu ukubwa wa nyumba, eneo, waombaji walikuwa wangapi, aliyepewa alikuwa na alama ngapi au daraja gani, na amesubiri tangu lini. Baadhi ya halmashauri za England zinazotumia njia ya Delft hufanya hivyo tayari, mstari mmoja kwa kila nyumba, na mwombaji aliyekosa anaweza kujua kama alikosa kwa alama 5 au kwa miaka 9.

Naufikiria mstari kama huo ukiwa umebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Dungannon, Juni 1968. Caledon, nyumba moja. Mpangaji: mtu mmoja, miaka 19. Watoto: hakuna. Waliokosa: familia zenye watoto. Sidhani kama kuna diwani ambaye angekubali kuubandika.